Shamba la Serikali, Geti la Mkulima

Reli ya TAZARA ikitoka Ifakara kwenda Mlimba hupita Mngeta, penye shamba la mpunga ambalo historia yake ingefaa asimuliwe kila diwani siku ya kuapishwa. Miaka ya 1980 Serikali, kupitia RUBADA, mamlaka iliyoundwa mwaka 1975 kuendeleza bonde la Rufiji, iliingia ubia na Korea Kaskazini. Kampuni ikaitwa KOTACO. Zikatengwa hekta zaidi ya 5,000, mitambo ikaletwa, nyumba zikajengwa. Miaka ya mwanzo ya 1990 mradi ukafa, shamba likarudi kuwa pori. RUBADA yenyewe haikuwa pori: iliendelea kuwepo kwa miaka mingi baadaye.

Wakati huohuo mpunga wa bonde hili la Kilombero ulilimwa na nani? Na watu wa jembe la mkono, wanaohamia madunguni na watoto wao kufukuza ndege na nguruwe. Hao trekta hawakuliona. Waliona geti la ushuru. Kabla ya mwaka 2017 ushuru wa mazao ulifika asilimia 5 ya bei, na neno ni bei, si faida. Mto ukifurika na mkulima akabaki na magunia machache yasiyorudisha hata gharama ya palizi, halmashauri inachukua chake vilevile. Sheria inasema anayelipa ni mnunuzi. Mnunuzi naye si mjinga, anaushusha kwenye bei palepale shambani. Mwaka 2017 ndipo ushuru wa mazao ya chakula ulipopunguzwa hadi asilimia 2, na asiyesafirisha zaidi ya tani moja akaachwa apite.

Mtu ataniuliza, bila kodi daraja lingetoka wapi. Namkubalia. Kivuko cha Mto Kilombero kilizama Januari 2016, na daraja lililofunguliwa mwaka 2018 hakuna mkulima angelijenga peke yake. Kodi ya daraja nitailipa bila kununa. Lakini kulima mpunga Wandamba na Wapogoro walikuwa wanajua kabla RUBADA haijazaliwa.

Shamba la Mngeta baadaye lilipewa kampuni ya KPL, nayo ikaelemewa na madeni na kuanguka mwaka 2019. Watetezi wa mashamba ya umma hufurahia sana habari hiyo. Wanasahau kuuliza hasara ilimwangukia nani: safari hii sehemu kubwa ilibebwa na wenye hisa na wakopeshaji, ukiwamo mfuko wa serikali ya Norway, wala si mwenye gunia lake Ifakara.

Tena si kila punguzo la kodi ni haki. Mwaka 2013 Serikali iliruhusu mchele wa nje uingie bila ushuru wa forodha. Bei ikaporomoka, KPL na wakulima wadogo wakaumia pamoja. Mwagizaji alisamehewa bandarini; mwenye mpunga wa Kilombero aliendelea kukatwa getini.