Je, Mchoraji Husema Uongo?

Wako wasemao kwamba picha ya jambo lililotokea yapasa kuwa kama ushahidi mbele ya hakimu: isizidishe wala isipunguze. Msomaji, tuyapime maneno haya.

Mwaka 1816 merikebu ya Kifaransa iitwayo Méduse ilikwama karibu na pwani ya Mauritania. Watu wapatao 147 walipakiwa juu ya chelezo. Wenzao waliokuwa mashuani wakaiachia kamba iliyokivuta, wakaenda zao. Baada ya siku 13 walikutwa hai watu 15 tu. Théodore Géricault aliuchora msiba huo katika picha yenye upana wa mita 7 hivi, akaimaliza mwaka 1819. Lakini watu hao waliodhoofika kwa njaa na kiu amewapa misuli ya wapiga mieleka. Je, amedanganya?

Wala si lazima kwenda Ufaransa. Ukitoka Ruiru, ukapita Thika, ukashika njia ya Murang'a, utafika kwenye kanisa kuu lililojengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952. Humo Elimo Njau alichora, mwaka 1959, picha 5 za maisha ya Kristo. Kristo huyo ni Mwafrika, na nchi aikanyagayo ni Murang'a. Kila mtoto ajua kwamba Kristo hakuzaliwa huko. Hata hivyo, aliyefiwa aweza kuuona msiba wake ukutani, asione uongo.

Basi tofauti i wapi? Tuseme wewe wawachora vibarua wa mashamba ya kahawa ya Ruiru katika miaka ya 1920, ukakifanya kipande kilichoning'inia shingoni mwao kiwe kizito kama jiwe la kusagia. Hujadanganya, kwani ndivyo kilivyolemea moyo. Lakini ukiwachora wakicheka, ili mwenye shamba aonekane mwema, umedanganya, hata kama kila kifungo cha shati ni sahihi.

Mchoraji mwaminifu hubadili umbo ili ukweli uonekane. Mwongo hulibadili ili mkosaji asionekane. Wote wawili waweza kukuliza, maana machozi hayachagui. Kwa hiyo picha ikikutoa machozi, usifanye haraka kuisifu. Yafute kwanza, kisha uulize: yaliyobadilishwa humu yamfunua nani, na yamficha nani?