FUNIKENI SHIMO
Neno kwa wazazi juu ya michezo ya simu

Masomo: Kutoka 21:33-34, Kumbukumbu la Torati 22:8, Zekaria 8:5



Wengi mnaikumbuka ile ibada ya siku ya posho, mvua za kwanza zilipokuwa zimeanza, Mama nabii aliposimama katikati ya maombi akasema ameonyeshwa shimo lililo wazi ndani ya uzio wa mtu wa kanisa, na mtoto ameketi kandokando yake akicheza, miguu ikining'inia. Akasema mara tatu: lifunikeni. Hakusema ni uzio wa nani.

Sisi mashemasi tulilipokea neno lile kama watu wa Kolwezi wanavyolipokea neno shimo. Hapa kwetu halihitaji mfasiri. Mnajua mambo ya Kasulo, jinsi watu tangu mwaka 2014 walivyochimba kobalti ndani ya nyua zao, wengine jikoni, wengine chini ya chumba walimolala na watoto. Basi tukashika tochi, tukazunguka siku tatu nyumba kwa nyumba. Tulikuta vyoo viwili visivyo na kifuniko, kisima kimoja ambacho ukingo wake umebomoka, na shimo la zamani la wachimbaji lililofunikwa kwa gunia tu, na kuku wakitembea juu ya gunia lile. Tukaleta mbao, tukaleta udongo, tukafunika yote. Tukaandika katika kitabu cha mashemasi kwamba neno limetimizwa.

Halikuwa limetimizwa. Shimo lilikuwa katika nyumba ya mmoja wetu sisi mashemasi, tena lilikuwa mezani, limeunganishwa na waya wa sharji. Tunasema "sisi", wala hatutasema ni nani, kwa sababu tumekubaliana kulibeba jambo hili pamoja. Na kwa kweli, katika nyumba zetu zote hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa amefanya zaidi kuliko mwenzake.

Mtoto ni wa miaka 12, yuko darasa la sita. Kila jioni alipewa simu ya mama yake ili atulie. (Hapo tuseme ukweli, baba na mama: mara nyingi hatumpi mtoto simu ili afurahi, tunampa ili sisi tupumzike.) Mwenzake wa mtaani alimtumia mchezo wa vita kwa Bluetooth, akamwambia, huu ni ule ule ambao wakubwa wanaucheza, ila huu una almasi za bure. Almasi ndizo pesa za ndani ya mchezo, za kununulia silaha na nguo za yule askari wa kwenye kioo. Mchezo ulipofunguka uliomba ruhusa: kusoma majina ya watu, kusoma ujumbe, kutumia kamera. Mtoto akabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama sisi wakubwa tunavyofanya.

Ndani ya mchezo akampata mtu aliyejiita Kaka. Kaka aliandika maneno mazuri siku nyingi. Aliuliza umri, aliuliza shule, aliuliza mama anafanya kazi gani. Halafu akasema, nitumie franka elfu kumi nami nitakupa almasi elfu moja. Mtoto alijua namba ya siri ya mama yake, kwa maana ndiye aliyekuwa akimtumia pesa kila mara. Mama hasomi vizuri, na mtoto wetu ndiye karani wa nyumba. Akatuma. Almasi hazikuja. Kaka akasema, ongeza, la sivyo nitampigia mama yako nimwambie wewe ni mwizi. Kwa jioni nne zikatoka franka 165,000. Nanyi mnajua zile zilikuwa pesa gani: ni mchango wenu wa mabati ya nyumba ya maombi, mama alikuwa amezitunza ndani ya simu ili zisiibiwe nyumbani.

Mtoto hakusema neno. Aliendelea kuamka asubuhi, kuvaa nguo za shule, kuchukua mfuko wa madaftari na kutoka. Mwalimu ndiye aliyekuja kuuliza baada ya siku sita: mtoto anaumwa? Tukamtafuta. Tulimkuta kwenye mto Musonoi pamoja na wale wanaoosha mawe, maji yamefika magotini, gunia begani, mikono imechubuka. Katika daftari la hesabu alikuwa ameandika 165,000, na chini yake akawa anatoa kila siku alichopata. Alikuwa amepata 9,000. Baba yake alipomshika mkono alisema, "Baba, usinirudishe bado, haijaisha."

Wandugu, tulikaa kimya palepale kandokando ya mto. Sisi ambao tumehubiri mara ngapi kwamba watoto watoke migodini! Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walifanya kazi katika migodi ya kusini mwa nchi yetu, wengi wao kwenye kobalti. Sheria ya nchi ya tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka 2009 inamlinda mtoto na kazi za namna hiyo. Tulifikiri ni njaa pekee inayowapeleka kule. Huyu wetu alikuwa amekula asubuhi ile. Aliyempeleka ni woga wa fimbo ya baba yake.

Tulipokutana katika baraza, mzee mmoja alisema kwa uchungu simu zivunjwe, na mtoto wa mkristo asicheze tena michezo hii, kwa kuwa ni ya shetani. Tunamheshimu mzee, ni baba yetu sote. Lakini tulifungua Zekaria sura ya nane, tukaona nabii anapotabiri Yerusalemu iliyobarikiwa, anawaweka wazee na fimbo zao za kutembelea, na baada ya wazee anawaweka watoto, wavulana kwa wasichana, wamejaa katika njia za mji wakicheza. Mungu alipotaka kuonyesha mji uliopona alionyesha watoto wanaocheza. Basi mchezo wenyewe hatuwezi kuuita dhambi.

Halafu tukasoma torati juu ya shimo. Angalieni vizuri, Musa hakukataza kuchimba. Alisema mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda akatumbukia, mwenye shimo ndiye atakayelipa. Hakumwambia ng'ombe alipe. Hakusema punda apigwe kwa kuwa hakuangalia. Na juu ya nyumba mpya vilevile: jenga, ila uweke ukuta mdogo kuzunguka dari, ili damu ya atakayeanguka isiwe juu ya nyumba yako. Mzee aliposikia hayo alinyamaza kitambo, kisha akauliza swali ambalo sisi wote tulipaswa kuuliza mwanzoni: "Sasa ukuta wa simu unajengwaje?"

Kwa hiyo yule shemasi amelipa mabati kwa pesa zake, kidogo kidogo, naye bado analipa. Mtoto hakupigwa. Na swali la mzee tulilipeleka kwa kijana wa kanisa anayetengeneza simu sokoni. Haya ndiyo aliyotufundisha, tunayaandika kama tulivyoyaelewa.

Jambo la kwanza ni mahali pa kuuchukua mchezo. Kupakua, ambako vijana wetu wanakuita kutelesharje, kuna mlango na kuna dirisha. Mlango ni duka lenyewe la simu, Play Store. Pale michezo inakaguliwa, ingawa si kwamba hakuna kibaya kinachopita. Dirisha ni faili unalotumiwa na rafiki kwa Bluetooth au kwenye kadi, au unaloletewa na tangazo. Mwizi huchukua mchezo unaojulikana, anautia kitu chake ndani, anaufunga tena na kusema huu una almasi za bure. Katika mipangilio ya simu kuna mahali pa kukataza programu zinazotoka nje ya duka. Pafungeni. Mtasema, lakini faili la rafiki halili mega. Ni kweli, na mega ni ghali. Lakini tumehesabu, mega za mchezo mmoja hazifiki hata sehemu ndogo ya 165,000.

Ndani ya duka lile lile mzazi anaweza kuweka ukuta. Unagusa picha ya duara iliyo juu, unaingia katika mipangilio, unatafuta sehemu ya familia, unaweka namba ya siri ya tarakimu nne ambayo mtoto haijui, kisha unachagua umri. Kila mchezo una alama ya umri: 3, 7, 12, 16 au 18. Ukichagua 12, ile ya 16 na ya 18 haitapakuliwa kutoka dukani kwenye simu ile. Ila ukuta huu hauzuii faili linaloingia kwa dirisha, ndiyo maana tulianza na dirisha. Pia wekeni duka lidai neno la siri kabla ya kununua chochote.

Ruhusa zile nazo zisomeni. Mchezo wa kupanga matunda una kazi gani na ujumbe wako? Unataka kamera ya nini? Kataeni. Kama mchezo unagoma kucheza mpaka usome ujumbe wa mama, ufuteni. Na simu ya mtumba isafishwe yote kabla mtoto hajaishika, maana huja na akaunti na picha za mtu mwingine, nyingine hazifai macho ya mtu yeyote.

Namba ya siri ya pesa, mama zangu, hapa tunawasihi. Tunajua kwa nini watoto wanaijua. Tumekubaliana kwamba mama yeyote asiyesoma aje kwa mama mashemasi baada ya ibada. Watamfundisha kutuma pesa mwenyewe, ni tarakimu tu, na tarakimu anazijua tangu sokoni. Yule mama wa mtoto wetu alijifunza kwa siku mbili.

Juu ya wageni wanaoandika ndani ya mchezo, kijana alisema michezo mingi ina mahali pa kuzima maongezi. Zimeni. Ikiwa mtoto ni mkubwa na anacheza na wenzake wa shule, acheze na wale ambao mzazi anaweza kuwaita kwa majina. Asitoe jina la shule, asitume picha, asifuate mtu anayemwambia hili tusimwambie mama. Neno hilo moja, tusimwambie mama, linatosha kumtambulisha mtu. Nasi wazazi tumwapie mtoto mapema, kabla jambo halijatokea, kwamba akija kusema hatapigwa. Tena tulishike neno hilo.

Msidhani ni ujinga wa watu wa migodi tu. Ubeljiji mwaka 2018 ilisema masanduku ya bahati yanayouzwa ndani ya baadhi ya michezo ni kamari, ikayakataza. Mwezi wa 12 mwaka 2022 kampuni ya Epic Games, yenye mchezo wa Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520 huko Marekani kwa mashtaka ya kukusanya habari za watoto bila ruhusa ya wazazi na kuwafanya watu walipe bila kukusudia. China tangu mwaka 2021 inawaruhusu walio chini ya miaka 18 saa moja tu ya michezo ya intaneti, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku ya tano, siku ya posho, siku ya Mungu na sikukuu. Sisi hatujaweka saa kwa kila nyumba. Tumesema tu kwamba simu ilale chumbani kwa wazazi, na kwamba watoto wa chini ya miaka mitano wasizidi saa moja kwa siku, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoshauri mwaka 2019. Wale wasiotimiza miaka miwili wasipewe kabisa.

Kuna jambo ambalo halitutoki moyoni. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika nchi yetu, na nyingi inatoka katika ardhi hii tunayoikanyaga. Inakwenda ng'ambo, inaingia ndani ya betri, inarudi Kolwezi mfukoni mwa mama. Mtoto wetu aliipoteza pesa kwa kitu kile kile, kisha akaenda mtoni kulitafuta jiwe lake. Hatujui tuseme nini juu ya hilo. Tumeliweka mbele za Mungu katika maombi ya usiku, na Mama nabii hajatuletea jibu.

Mtoto amerudi shuleni. Daftari la hesabu baba yake amelichukua, analitunza pamoja na kitabu cha mashemasi. Jioni anacheza mchezo wa mpira usiohitaji intaneti, sebuleni, na babake huketi karibu. Juzi alimfundisha babake, naye babake alifungwa mabao saba.

Siku ya posho ijayo baada ya maombi, yule kijana atakaa chini ya mwembe kuwasaidia wazazi wote kuweka namba na kufunga dirisha, bila malipo. Njoni na simu zenyewe, wala msiwatume watoto nazo. Tena sharjini tangu siku ya nne kama umeme upo, maana wiki iliyopita wanne walikuja na simu zilizozimika.