Bolingo, Mibeko, Misala: Neno kwa Wenye Kupendana



Kila mtoto wa kanisa letu anajua maneno matatu: bolingo, mibeko, misala. Upendo, amri, kazi. Watoto wadogo wanayasema hata kabla ya kujua kusoma. Lakini tukitazama namna vijana wengi wanavyoanza kukaa pamoja katika mji wetu wa Kisangani, tunaona wamechukua neno la kwanza na kuacha mawili ya nyuma. Juu ya hiyo tunataka kusema leo.

Mji wote unajua yaka tofanda, maana yake njoo tukae. Kijana anampenda msichana, wanatumiana maneno matamu kwa simu miezi mitatu, kijana anakodi chumba Mangobo ao Kabondo, msichana anafika na mfuko wake usiku. Hakuna mjomba aliyeketi, hakuna mali iliyotoka, hakuna jina lililoandikwa kwa komini. Ukiwauliza wanajibu: tunapendana. Ni kweli, hatukatai. Mtoto wa kwanza anazaliwa, halafu wa pili. Siku moja kijana anakwenda kutafuta diamanti, ao anapanda balenieri na kushuka Kinshasa, na simu yake haiiti tena. Yule msichana ni nani sasa? Si bibi wa mtu, tena si mjane. Anarudi kwa wazazi na watoto wawili. Siku ya ibada anakaa nyuma karibu na mlango, hatazami mtu.

Yule kijana hakudanganya aliposema anapenda. Shida ni kwamba hakuahidi kitu mbele ya mtu yeyote, basi hakukuwa mtu wa kumkumbusha. Nabii Malaki, sura ya 2, anawaambia wanaume wa Israeli kwamba Mungu alikuwa shahidi kati yao na bibi za ujana wao. Shahidi! Upendo unaoogopa shahidi tuuangalie vizuri.

Tumtazame Mama Marie Mwilu. Yeye na Papa Simon Kimbangu walibatizwa mwaka 1915 katika misioni ya Waprotestanti. Kazi ya Papa ilianza Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwezi wa 9 mwaka uleule akakamatwa. Tarehe 3 Oktoba korti ya askari kule Thysville, siku hizi Mbanza-Ngungu, ikamhukumu kufa, halafu mfalme Albert wa Ubelgiji akaigeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Wakampeleka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, zaidi ya kilometa 1,500 mbali na Nkamba. Mama akabaki na watoto watatu: Kisolokele miaka 7, Dialungana miaka 5, Diangienda miaka 3.

Wapendwa, hesabuni. Walikuwa wamekaa pamoja miaka michache tu. Kifungo kilikuwa miaka 30. Papa alikufa gerezani tarehe 12 Oktoba 1951. Mama hakujifungia nyumbani kulia. Chini ya macho ya serikali ya wakoloni alipokea waamini kwa siri, akawatia nguvu, akaiongoza kazi ambayo mume wake alikamatwa kwa ajili yake. Ndiyo misala. Mama alilala tarehe 27 Aprili 1959. Kanisa lilitambuliwa na serikali tarehe 24 Desemba mwaka uleule, na mwili wa Papa ulirudishwa Nkamba mwaka 1960. Alingoja miaka yote ile, na hata ule mwili hakuupokea.

Hatuhitaji kutazama Nkamba tu. Katika wale waamini waliofukuzwa makwao kwa ajili ya imani, wengine waliletwa mpaka Lowa, juu ya mto huu wetu, ukipita Ubundu. Kanisa letu linahesabu familia 37,000 zilizotawanywa. Familia, siyo wanaume peke yao. Kuna wamama waliokunja mikeka yao wakafuata. Na sisi tuliokuwa Kisangani mwezi wa 6 mwaka 2000, siku sita za mabomu kati ya askari wa Rwanda na wa Uganda, tuliona pia nani alimbeba nani.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu kuna wanaume wanapenda sana kuwahubiria bibi zao saburi ya Mama Mwilu. Bwana analala inje siku tatu, anarudi, bibi akiuliza anaambiwa: umtazame Mama Mwilu! Ndugu yetu, Papa Simon Kimbangu hakuwa Lubumbashi kwa biro ya pili. Alikuwa gerezani kwa ajili ya Injili. Mama alimngoja mtu mwaminifu. Kanisa letu linakataza bibi wawili, na linakataza kwa mume kwanza. Mwanamke anayepigwa, hatumwambii anyamaze. Aje kwa wazee.

Sasa wazazi. Kijana mwingine si mkaidi, ni maskini. Amefika kwa wakwe na heshima, wamempa karatasi ya mali, ile faktire: dola, mbuzi, kostimi ya baba, vikwembe vya mama, viatu, taa, vinywaji, na mjomba ameongeza pikipiki. Pikipiki, kwa kijana anayesukuma kinga ya mizigo! Akitoka pale, msichana anamfuata kwa mlango wa nyuma, na mwaka ujao baba yule anapata mjukuu bila mbuzi hata mmoja. Katika Mwanzo 29 Yakobo alitumika miaka saba kwa ajili ya Raheli, na kwa upendo akaiona kama siku chache. Vijana washike hiyo. Lakini Labani alimdanganya, akamtia miaka saba mingine. Labani amebakisha wajukuu wengi hapa Kisangani.

Tena wajue sheria ya nchi. Kodi ya Familia ya mwaka 1987, iliyogeuzwa mwaka 2016, inataka miaka 18 kwa mume na kwa mke, na ndoa ya kimila iandikishwe kwa komini. Mjane asiye na karatasi ile, ndugu za mume wanaweza kumfukuza nyumbani siku ya matanga.

Tunajua walio katika hali hiyo katikati yetu, hata wenye kuimba katika kwaya na kupiga fanfari. Hatutawataja mbele ya mkutano. Waje wawili kwa mashemasi, Jumatano baada ya maombi, na watoto wao. Tutakwenda nao kwa wazazi, hata kama ni kuvuka mto kwenda Lubunga. Na mzazi mwenye faktire ndefu aje nayo, na kalamu pia.