Mama Aweze Kuwakatalia: Nasaha kwa Watafiti Vijana wa Kasese na Bwera

Wanangu,

Mmeniambia mnataka kwenda magerezani kwetu huku, Kasese na Bwera, mkazungumze na wanawake wajawazito na waliojifungua karibuni. Nimefurahi. Daftari la kliniki hutuonyesha mama alihudhuria mara ngapi. Halisemi kwa nini alikosa mara ya tatu, wala nani alikuwa na ufunguo usiku ule uchungu ulipomshika. Hayo huyapata aliyekaa akasikiliza, na ndiyo kazi ya utafiti wa kimaelezo. Lakini mimi niliyezeekea wodi ya wazazi nina neno moja la kuwausia, na mengine yote yanalifuata hilo: mtu mnayemwendea hawezi kuinuka akatoka. Basi kazi yenu ipangeni ili aweze kuwakatalia.

Msidhani ridhaa ni alama ya kidole gumba. Katika gereza la Holmesburg, mjini Philadelphia, Marekani, wafungwa walifanyiwa majaribio ya dawa na vipodozi kwa zaidi ya miaka 20, hadi mwaka 1974. Walitia sahihi, wakalipwa vijisenti. Lakini mtu asiye na njia nyingine ya kupata hata sabuni, sahihi yake ina uzito gani? Ndiyo maana leo mnadaiwa kibali cha kamati ya maadili, cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, na ruhusa ya Idara ya Magereza. Vitafuteni vyote. Ila jueni kwamba vibali hivyo vinawafungulia lango tu. Neno la mama mwenyewe bado hamjalipata.

Mlipateje? Kwanza, asiwachagulie mtu. Wafungwa katika magereza yetu wana kiongozi wao aitwaye katikiro. Akiambiwa alete wanawake watano, ataleta watano, na hakuna atakayethubutu kubaki nyuma. Waelezeni wanawake wote kwa pamoja, kisha ondokeni, mrudi siku nyingine. Mkirudi, kaeni na kila mmoja peke yake kwa muda uleule. Asiyetaka kusema akae nanyi, amnyonyeshe mtoto, apumzike, arudi zake, na nje asijulikane nani alisema na nani alinyamaza. Mkileta sabuni au pedi, wapeni wote sawa, tena baada ya kuwaeleza wazi kwamba zawadi haidai hadithi.

Askari awaone, asiwasikie. Mkalimani wa mama asiwe askari wala mfungwa mwenzake. Hapa mpakani mtakutana na wanaosema Kikonzo, Kitoro, Kiswahili, na Kinande cha ndugu zetu wa ng'ambo ya Mpondwe, basi jiandaeni mapema. Na kosa lililomleta msiliulize. Karibu nusu ya wafungwa wa Uganda ni mahabusu ambao kesi zao hazijaisha, na neno lililo katika kinasa sauti chenu laweza kutafutwa na mtu mwingine. Akianza kulisimulia mwenyewe, mzuieni kwa upole, mumkumbushe kwamba ninyi si mawakili.

Kuhusu majina nawasihi sana. Mmefundishwa kubadili jina, lakini hapa kwetu jina hutaja zamu ya kuzaliwa. Masika ni binti wa kwanza, Biira wa pili, Kabugho wa tatu. Mkiandika kwamba mama fulani wa Bwera alijifungulia gerezani akamwita mwanawe Kabugho, mmeshasema ana mabinti wangapi, na katika gereza lenye wajawazito wawili hata mpishi atamjua. Ondoeni jina la mtoto, ondoeni mwezi, na pale inapobidi ondoeni hata jina la gereza. Wanawake ni wachache sana magerezani, na uchache huo ndio unaowaanika.

Sasa maswali. Mama akiulizwa kama huduma ni nzuri, atajibu ni nzuri, kwa sababu kesho yuko palepale na watu walewale. Mwombeni awasimulie safari moja. Uchungu ulianza saa ngapi? Nani alimsikia kwanza? Askari wa kike alikuwepo, au alisubiriwa atoke nyumbani? Gari lilitoka wapi, na mafuta yalinunuliwa na nani? Alifika hospitali akiwa na glavu, pamba, wembe, uzi wa kufungia kitovu na plastiki ya kulalia, au aliviomba kwa wagonjwa wengine? Pingu zilifunguliwa lini? Katika safari hiyo mtaona mahali hasa huduma ilipokatika, na mara nyingi si mikononi mwa mkunga. Waulizeni na askari wa kike pia. Wengi wao ni mama, nao wana mengi wasiyowahi kuulizwa.

Msiishie kwenye kujifungua. Kipindi cha siku 42 baada ya uzazi ndicho kinachosahaulika zaidi, na wanawake wengi hufa ndani yake. Shirika la Afya Duniani linataka mama aonwe ndani ya saa 24 za kwanza, kisha kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita. Ulizeni alirudishwa gerezani baada ya saa ngapi, na damu ikizidi usiku anamwambia nani. Ulizeni anakula nini zaidi ya posho na maharage wakati maziwa yanahitajika, na maji ya kujisafisha anayapata wapi. Ulizeni kama mtoto alipata chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ulizeni pia kuhusu huzuni isiyotoka. Nyumbani mzazi huzungukwa na mama, shangazi na wifi. Gerezani huenda wasiwepo kabisa, kwa kuwa nauli ya kumtembelea ni mzigo kwa familia.

Mwulizeni vilevile mama aliye huru wa kijiji cha jirani. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2020 ukaharibu Hospitali ya Kilembe, waliofungwa na walio huru wote walipata tabu. Msipolinganisha, hamtajua shida ipi ni ya gereza na ipi ni yetu sote.

Mizani ya kupimia mnayo. Sheria ya Magereza ya Uganda ya 2006 inamruhusu mama aingie na mwanawe mchanga, na inaitaka serikali impe mtoto mavazi na mahitaji hadi afikishe miezi 18. Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2010, zinakataza kabisa mwanamke kufungwa pingu akiwa na uchungu, anapojifungua na mara baada ya kujifungua. Zinataka pia, inapowezekana, mjamzito apewe adhabu isiyo ya kifungo. Na sisi tuna Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2000, inayomwezesha hakimu kumpa mwenye kosa dogo kazi ya kutumikia jamii akiwa kwake. Basi mtakayoyasikia yapelekeni hadi mahakamani, kwa maana afya ya mama huyu huanza kuamuliwa siku hakimu anapoamua alale wapi.

Kusikiliza kunafaa, na ushahidi upo hapahapa Uganda. Mwaka 2011 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyotokana na mazungumzo na wafungwa 164 katika magereza 16. Humo zilisikika sauti za wajawazito waliokosa kliniki, na za wagonjwa waliopelekwa kulima. Ilionekana wazi pia jinsi tiba ya wafungwa ilivyotegemea hospitali moja ya magereza, Murchison Bay ya Luzira, Kampala, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Hayo yaliyofichwa na kuta, watu waliyasema walipopata wa kuwasikiliza.

Basi msije mkachukua maneno ya wanawake hawa mkapata shahada, nao wasisikie tena habari zenu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na aliyewasimulia uchungu huo amewapa amana. Kabla hamjaandika neno la mwisho, rudini mkawasomee mliyoyaelewa, wawasahihishe. Kisha andikeni karatasi moja kwa lugha nyepesi, mumpelekee mkuu wa gereza, mganga mkuu wa wilaya, hospitali ya Bwera na hakimu: hapa gari linakosekana, hapa ufunguo unachelewa, hapa mama anarudishwa mapema mno. Msiwaahidi wanawake dhamana wala kuachiliwa, maana hamna uwezo huo. Waahidini jambo mtakalolitimiza, na mlitimize.

Na akiwepo atakayewakatalia, furahini, kwa kuwa mtakuwa mmejua kwamba waliokubali walikubali kweli. Nendeni na baraka zangu. Mungu awape subira ya kusikiliza, na ujasiri wa kuyasema mliyoyasikia mbele ya wenye uwezo wa kuyabadili.