Ndiyo Isiyo na Hila



Wengi wetu hufurahia sinema za zamani za Hollywood zenye nyimbo na vichekesho. Katika Seven Brides for Seven Brothers ya mwaka 1954, Milly anaolewa na Adam siku ile ile waliyokutana. Afikapo nyumbani anawakuta shemeji sita, wachafu, wakingoja kupikiwa na kufuliwa. Adam hakumwambia. Baadaye shemeji hao wanawateka wasichana sita, nasi tunacheka kwa kuwa wanaimba vizuri.

Je, wimbo mtamu hufuta kosa? Hapana. Sheria ya Kanisa, kanuni 1089, yasema aliyetekwa ili aolewe hawezi kufunga ndoa na mtekaji wake mpaka kwanza atenganishwe naye, awe mahali salama na huru, ndipo achague kwa hiari.

Adam alielewa uchungu wa wazazi wale alipopata binti wake mwenyewe. Ndugu mume, usingoje hadi hapo. Ulimficha mkeo nini kabla ya harusi: deni, mtoto, au mzigo wa jamaa? Mweleze leo, umwombe msamaha. Nawe mama, usimeze machungu kimya. Milly alisema wazi. Sinema huishia harusini. Ndoa yetu huanzia hapo.