Nyimbo Zilipendwa, Lakini Miaka?

Katika Shinyanga na Geita, redio inapofungua kipindi cha nyimbo za zamani, wazee hunyamaza kidogo, kisha mmoja husema: "Zamani kulikuwa na watu." Wenzake huitikia. Kijana aliyeketi karibu, mchimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu ambaye bongo fleva yake imo katika simu, hujiona amehukumiwa pasipo kuulizwa neno. Je, hukumu hiyo ni ya haki?

Hapana budi kukiri kwanza ya kuwa nyimbo zile ni njema kweli. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki mwaka 1965, na Mbaraka Mwinshehe mwaka 1979, na hata leo sauti zao hazijachuja. Radio Tanzania Dar es Salaam, mrithi wa kituo kilichoanza mwaka 1951, ilirekodi bendi za dansi na kuzifikisha vijijini mwetu. Redio ilikuwa moja kwa nyumba nyingi. Betri zilizochoka zilianikwa juani zipate nguvu kidogo, na jirani alikuja na kigoda chake. Mgonjwa hospitalini alingojea kutajwa katika Ugua Pole. Anayeyakumbuka hayo kwa uchungu hana kosa. Kusikiliza pamoja ni tunu, nasi tumeipoteza kwa sehemu kubwa.

Lakini tulitazame neno lenyewe. Twasema "zilipendwa", yaani nyimbo. Kama tungalitaka kusema miaka, Kiswahili kingalitudai "ilipendwa", na neno hilo hatujasikia mtu akilitumia. Sarufi hapa ina haki kuliko wazee.

Maana miaka ile ilikuwa na nini? Mwaka 1974 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu wengi wa Shinyanga kutoka makao yao, wengine kwa nguvu. Katika miaka hiyohiyo vikongwe waliuawa Usukumani kwa kudhaniwa wachawi, na mara nyingi shahidi pekee alikuwa macho yao, yaliyogeuka mekundu kwa moshi wa jikoni. Serikali ilipoanza msako mwaka 1976 katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga (Geita wakati huo ilikuwa wilaya ya Mwanza), watuhumiwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Kwa ajili ya aibu hiyo Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977.

Magitaa yaliendelea kulia jioni zile zile. Hatusemi ya kuwa wanamuziki walikosa. Wao walifanya kazi yao vizuri, tena wengi kwa malipo haba. Twasema tu ya kuwa wimbo hauwezi kutoa ushahidi juu ya jambo usilolijua. Mzee akiuita mahakamani ili kumshinda kijana, amsingizia wimbo, na pia amfuta yule bibi, ambaye hakuwahi kuimbiwa.

Basi kipindi kijacho kikianza, mzee na amwite kijana aketi. Amweleze nani alipiga gitaa la solo, na bendi ilitoka wapi. Kisha amweleze na habari za nyumba ile iliyobaki tupu. Kijana pengine atauliza bibi yule aliitwa nani, na ni akina nani walioingia kwake usiku ule. Katika vijiji vingine wapo wazee wanaojua.