Amana ya Mwili na Dereva Anayeacha Usukani

Swali la iwapo dereva anayeacha kazi kwa sababu ya maradhi amekosa subira katika riziki aliyopangiwa lina uzito wa pekee katika wilaya za Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, ambako maisha ya wengi yanategemea korosho, nazo korosho zinategemea lori. Mnada unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi wa Oktoba, mzigo wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, huanza kusafirishwa kuelekea bandari ya Mtwara, na dereva hulala kebini akisubiri foleni ya kushusha, kisha huteremka ukingo wa uwanda wa Makonde kwa gia nzito, mguu ukiwa haubanduki kwenye breki. Mtikisiko wa miaka huchosha pingili za uti wa mgongo, na kukaa kutwa bila kunyoosha viungo huchangia kisukari na shinikizo la damu. Mwenye kisukari anayetumia dawa bila kula kwa wakati, sukari yake ikishuka ghafla, anaweza kupoteza fahamu akiwa barabarani.

Uislamu hufundisha kwamba mwili ni amana, maana yake kitu ambacho mtu amekabidhiwa akitunze kwa niaba ya mwenye mali, na Wakristo wa huko huuheshimu mwili kama hekalu. Tawakali, yaani kumtegemea Mungu baada ya mja kutimiza sehemu yake, haimpi ruhusa dereva ambaye macho yamefifia kumwachia Mungu kona, hasa kwa kuwa roho zilizo hatarini si yake peke yake. Anayeacha usukani kwa wakati, basi, ametimiza amana.

Hata hivyo, wengi huficha ugonjwa kwa kuwa hulipwa kwa safari, bila mkataba, na ukosefu wa mikataba ulikuwa miongoni mwa malalamiko ya mgomo wa madereva wa mwaka 2015. Kisheria kinga ipo: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, huchangiwa na mwajiri. Tajiri anayejua hali ya dereva wake na bado akampangia safari ndiye wa kuulizwa kwanza, na masheikh na mapadri wa wilaya hizi wanapaswa kumwambia hivyo waziwazi kabla msimu haujafunguliwa.